Michezo ya Polisi na Zimamoto: Moyo Upimwe Kabla ya Mbio

Michezo ya Dunia ya Polisi na Zimamoto ilianza mwaka 1985 katika mji wa San Jose, Marekani. Mwaka 2023 ilifanyika Winnipeg, Kanada. Washiriki ni askari walio kazini pamoja na wastaafu, na katika michezo mingi hupangwa kwa rika. Katika ukanda wetu, Shirikisho la Wakuu wa Polisi wa Mashariki mwa Afrika (EAPCCO), lililoanzishwa mwaka 1998, huandaa michezo yake. Dar es Salaam iliipokea mwaka 2018, na Kigali mwaka 2023.

Mashindano haya yana sababu ya kitabibu. Askari huweza kukaa lindoni saa nyingi bila kujongea, kisha ghafla akalazimika kukimbia au kubeba majeruhi. Homoni ya adrenalini hupanda, mapigo ya moyo huongezeka, na joto na jasho hupunguza maji mwilini. Ikiwa mishipa ya moyo imekwisha kuwa myembamba, damu haitoshelezi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionesha kuwa asilimia 45 ya vifo vya askari wa zimamoto wakiwa kazini vilitokana na maradhi ya moyo. Takribani theluthi ya vifo hivyo vya moyo ilitokea wakati wa kuzima moto, kazi inayochukua sehemu ndogo sana ya muda wao.

Mazoezi ya mara kwa mara huukinga moyo. Hatari kubwa humpata asiyeyazoea anapojitutumua kwa siku moja. Jambo hili linawahusu askari wa Kibondo na Kasulu, wakiwemo wanaolinda usalama katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wanaojiandaa kwa bonanza au kwa usaili wa timu.

Mhudumu wa afya anayeombwa kuthibitisha afya ya askari asitie sahihi kabla ya kuuliza na kupima. Aulize kuhusu maumivu ya kifua, kuzimia wakati wa mazoezi, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, uvutaji wa sigara, kisukari, ugonjwa wa selimundu, na ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Apime shinikizo la damu baada ya mtu kupumzika. Likiwa 140/90 au zaidi, lirudiwe siku nyingine. Likifikia 160/100, mashindano yaahirishwe hadi lidhibitiwe.

Askari naye aanze kwa kutembea haraka, dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, kisha aongeze kasi taratibu. Asifanye mazoezi akiwa na homa. Kigoma ina malaria nyingi, na mwili wenye homa huelemewa upesi. Anayetumia dawa za shinikizo asiziache kwa sababu anajisikia mzima.

Mtu akianguka uwanjani, akawa haitikii wala hapumui kawaida, msaada uitwe na kifua chake kikandamizwe katikati papo hapo, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi wataalamu wafike. Kila dakika inayopita bila msaada hupunguza uwezekano wa kupona.