Bohari ya Silaha ya Venice: Miaka 900 ya Kazi

Katika lugha nyingi za Ulaya bohari kubwa ya silaha huitwa "arsenal". Wengi hudhani kuwa neno hilo ni la Kizungu, kumbe asili yake ni Kiarabu, nalo maana yake ya kwanza ilikuwa nyumba ya kazi za ufundi. Neno la Kiswahili "sanaa" limetoka katika shina lilo hilo. Mabaharia wa Italia walilipata katika biashara yao na Waarabu, wakalitia katika lugha yao. Na nyumba iliyolieneza kuliko zote ni bohari ya mji wa Venice.

Mji huo umejengwa juu ya visiwa vidogo vidogo kaskazini mashariki ya Italia, na nyingi za njia zake ni maji. Visiwani hapakuwa na mashamba ya kutosha, wala misitu, wala migodi. Chakula na utajiri vililetwa na merikebu. Kwa hiyo mtu aliyeunda merikebu ndiye aliyeushika uhai wa mji. Kwa mapokeo ya wenyeji bohari ilianzishwa mwaka 1104. Ilipanuliwa katika karne ya 14, na tena mwaka 1473, hata ikaenea ekari zaidi ya 100, ikizungukwa na ukuta mrefu.

Mafundi wake walikuwa wa namna nyingi. Maseremala walichonga mbao, wahunzi walifua misumari na nanga, wanawake walishona matanga. Wako waliotia nyuzi na lami katikati ya mbao ili maji yasiingie. Nao waliitwa "calafati", jina ambalo fundi wa majahazi wa Lamu atalitambua mara moja, kwa kuwa naye kazi hiyo huiita kalafati. Kamba zilisokotwa katika jumba lenye urefu wa zaidi ya futi 1,000.

Mwaka 1436 msafiri wa Hispania, Pero Tafur, aliyaona mambo ya ajabu humo. Merikebu ya makasia ilivutwa polepole katika mfereji, huku na huku pana majumba yenye madirisha. Dirisha moja lilitoa kamba, la pili mikate, la tatu silaha, hata merikebu ilipofika mwisho wa mfereji ilikuwa tayari kwa safari. Katika muda wa saa sita alihesabu merikebu kumi zilizotoka namna hiyo. Siri yake haikuwa uchawi, bali utaratibu: kila kitu kilikuwa na mahali pake, na kila mtu alijua kazi yake.

Siku ya kazi ilianza kwa kengele iliyopigwa katika mnara wa kanisa la Mtakatifu Marko, nayo iliitwa Marangona, yaani kengele ya maseremala. Mnara ulipoanguka mwaka 1902 kengele nyingine zilivunjika, lakini hiyo ikasalimika. Mafundi walipewa divai iliyochanganywa na maji wakiwa kazini, watoto wao walipokewa kujifunza ufundi, na wazee waliopungukiwa na nguvu waliendelea kupata mshahara. Serikali nayo iliwaamini hata ikawapa kazi ya kuzima moto mjini na kulinda jumba la baraza kuu.

Faida ya utaratibu huo ilionekana mwaka 1570, Waturuki walipokitaka kisiwa cha Kipro. Kwa muda wa miezi miwili hivi bohari ilitayarisha merikebu zipatazo 100, ingawa mwaka uliotangulia baruti ilikuwa imelipuka na kuharibu majengo mengi. Tarehe 7 Oktoba, 1571, merikebu za Venice pamoja na za rafiki zake ziliwashinda Waturuki kwenye vita vya Lepanto. Hata hivyo, Kipro kilikwisha potea.

Lakini merikebu huanza kuwa mti. Mwaka 1471 serikali iliutenga msitu wa mialoni wa Montello kwa ajili ya bohari, na mwaka 1548 ikautenga msitu wa Cansiglio kwa ajili ya makasia. Hata mialoni iliyoota katika mashamba ya watu ilihesabiwa kuwa ya serikali, na mwenye shamba hakuruhusiwa kuikata. Sheria hiyo ilikusudiwa kuhifadhi, lakini mkulima hakuona faida yake. Wengine waliing'oa miche ingali midogo, wasije wakafungiwa mashamba yao. Mialoni ikapungua. Ilipofika karne ya 17 wafanyabiashara wa Venice walikuwa wakinunua merikebu zilizoundwa Uholanzi.

Mwaka 1797 Napoleon aliiangusha serikali ya Venice, na askari wake wakaiteka bohari na kuinyang'anya mali yake kabla mji haujatiwa mikononi mwa Austria. Mafundi hawakusahau fahari yao. Tarehe 22 Machi, 1848, walimwua msimamizi aliyewatesa kwa ukali. Kisha Daniele Manin akaishika bohari na kutangaza jamhuri, nayo ikadumu hata Agosti, 1849. Mwaka 1866 Venice iliunganishwa na Italia.

Leo bohari hiyo ingali ikitumika. Jeshi la maji la Italia lina sehemu yake humo, pamoja na chuo cha maafisa. Jumba la kamba hupokea maonyesho makubwa ya sanaa, na hivyo neno lile limerudi nyumbani kwake. Upande wa kaskazini kuna chumba cha kuongoza malango 78 ya chuma, ambayo tangu Oktoba, 2020, huinuliwa kuzuia bahari inapojaa kupita kiasi isiufunike mji.

Kuta hazikuilinda bohari hiyo miaka yote hii. Iliwekwa na fundi aliyetunzwa, na bohari iliyopangwa. Nayo ilidhoofika mkulima alipoona kuwa mti shambani mwake ni hasara kwake na faida kwa wengine. Atakaye merikebu, na aanze na mwenye mti.