Kivuli cha Mti na Kivuli cha Bati

Wanafunzi wa Kariakoo waendapo mandari katika Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, jirani na Makumbusho ya Taifa na si mbali na Ikulu ya Magogoni, jambo la kwanza wanalolihisi ni ubaridi. Maandazi na chupa za chai huwekwa chini ya mti, na uchovu wa njiani husahaulika. Lakini kwa nini kivuli hiki kiburudishe kuliko kile cha kibanda cha bati sokoni, ilhali vyote viwili huzuia jua lile lile?

Bustani hiyo ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, chini ya Franz Stuhlmann, ili kujaribia mazao ya biashara ya koloni. Kadiri mji ulivyokua, eneo lake lilipungua. Hata hivyo, miti iliyosalia ingali ikifanya kazi ambayo waanzilishi hawakuikusudia: kuupoza mji.

Bati lipigwapo na jua hupata moto, kisha hulimimina joto hilo juu ya watu waliokaa chini yake. Jani nalo hupokea joto la jua, lakini lina njia ya kulipunguza. Maji yaliyonyonywa na mizizi hupanda hadi majanini, na hutoka kama mvuke kupitia vitundu vidogo sana viitwavyo stomata. Maji hayawezi kugeuka mvuke bila kuchukua joto, nalo huitwa joto fichi. Lita moja ya maji itokayo majanini kwa njia hii huchukua joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 7 za maji ya chai yenye nyuzijoto 27 za Sentigredi.

Wanafunzi wanaweza kuyahakikisha hayo shuleni. Kitawi chenye majani, kikiwa bado mtini, kiingizwe katika chupa kavu ya kioo, na mdomo wake uzibwe kwa pamba. Baada ya saa chache, matone yataonekana ndani ya chupa. Kisha vipimajoto viwili vifungwe, kimoja kigusane na upande wa chini wa bati, kingine na upande wa chini wa jani, na visomwe kila nusu saa. Isishangaze kuona kwamba hewa ya mahali hapo pawili hutofautiana kidogo tu, kwani upepo huichanganya. Tofauti kubwa imo katika paa lenyewe.

Yafaa ikumbukwe kwamba mti hupoza kwa sharti moja: mizizi ipate maji. Ardhi ikifunikwa kwa saruji hadi shinani, mvua hutiririka baharini, mti hufunga stomata zake, na majani huanza kupata joto. Kibanda cha bati hujengwa kwa siku chache; mwembe wa kuwafunika wanafunzi wa darasa zima huhitaji miaka mingi. Anayekata mmoja ili kujenga kingine hana budi kuifanya hesabu hiyo kwanza.