Madirisha Matatu

Je, mtoto anaweza kujifunza kabla ya kwenda shule? Ndiyo, anaweza.

Mwaka 1964 shirika la BBC la Uingereza lilifungua televisheni yake ya pili. Usiku wa kwanza, tarehe 20 Aprili, umeme ulikatika mjini London. Matangazo yakaharibika. Kesho yake, saa 5 asubuhi, kilionyeshwa kipindi cha watoto ambao hawajaanza shule. Kiliitwa Play School. Hivyo watoto wadogo waliwatangulia wakubwa.

Kipindi hicho kilikuwa na nyimbo, hadithi na kazi za mikono. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa maboksi matupu, karatasi na gundi. Kulikuwa na madirisha matatu: moja la duara, moja la mraba, na moja lenye upinde juu. Mtangazaji aliuliza, "Leo tuchungulie dirisha lipi?" Mtoto alijibu akiwa nyumbani kwao. Hivyo alijifunza maumbo. Kipindi hicho kilidumu hadi mwaka 1988.

Lakini televisheni ina upungufu mmoja. Inauliza, wala haisikii jibu. Mtoto akikosea, haiwezi kumsahihisha.

Wewe mzazi unasikia. Mwimbie mtoto wako. Mpe magunzi na udongo wa mfinyanzi, atengeneze ng'ombe au nyumba. Msimulie hadithi, kisha muulize maswali. Akijibu, msikilize. Kazi hii haihitaji umeme wala fedha. Usingoje aanze shule. Wahenga walisema: Udongo uwahi ungali maji.