Kijana wa ngoma katika chumba cha mazoezi

Upweke wa kijana wa Kisukuma au wa Kikerewe aliyekwenda mjini kusomea muziki humkuta kwanza katika chumba cha mazoezi. Muziki una mtihani wa taifa wa kidato cha nne, ila shule zinazoufundisha ni chache, kwa hiyo mwenye kipaji huhama. Wa Ukerewe hupanda meli huko Nansio kwenda Mwanza, ambako Chuo cha Ualimu Butimba huandaa walimu wa muziki. Wengine husafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar es Salaam, au Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa).

Alikotoka, muziki ni wa watu wengi. Katika bugobogobo, ngoma ya wakulima, majembe hupanda na kushuka kwa pamoja, na aliyechoka husukumwa na mwendo wa wenzake. Tangu karne ya 19 wachezaji wa Usukuma wamegawanyika pande mbili: Bagika, wafuasi wa mganga Ngika, na Bagalu, wafuasi wa Gumha. Pande hizo hucheza kwa wakati mmoja, na upande unaovuta umati mkubwa ndio mshindi. Mtoto hukua akijua yu upande gani na nani watamwitikia akianzisha wimbo.

Chuoni hukabidhiwa kinanda na karatasi ya nota, akae peke yake. Hana mpinzani wala waitikiaji. Mambo aliyobobea nyumbani hayamsaidii kusoma nota, na mbele ya wenzake huonekana mgeni wa muziki. Aibu hiyo huuma kuliko kukosa sato wa nyumbani. Bagamoyo hufundisha pia ngoma za asili, na hilo ni jema sana. Ili kupata wenzao wa kuimba nao, wengi hukimbilia kwaya za makanisa, nao hufanya busara, kwani kwaya zetu huimba, huzika na huchangia mgonjwa.

Kwa aliyeko Mwanza, Bujora, ambako ngoma za nyumbani bado huchezwa, iko karibu, kilomita kama 20 tu, huko Kisesa. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza huko katika miaka ya 1950 kuingiza ngoma na nyimbo za Wasukuma ibadani. Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa hapo mwaka 1968. Mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi Takatifu, Bagika na Bagalu hushindana huko katika tamasha la ngoma liitwalo Bulabo.

Walimu wa muziki wawapeleke wanafunzi wao Bulabo, na ngoma wanayoijua vijana hawa ipewe alama darasani kama kinanda.