Bunduki zilivyotoka majumbani Visiwa vya Solomon

MWAKA 2000, katika mji wa Honiara, makao makuu ya Visiwa vya Solomon, akina mama walichoka kusubiri wanaume wamalize vita. Walitoka majumbani mwao, wakaenda hadi kwenye vizuizi vya barabarani ambako vijana wenye bunduki walikuwa wakilinda mipaka ya mji. Wakakaa nao, wakazungumza nao na kusali nao. Vijana wale hawakuwa wageni kwao. Walikuwa watoto wao, wadogo zao na watoto wa majirani.

Ng'ambo ya vizuizi walikuwapo akina mama wengine, wa upande uliohesabiwa kuwa wa adui. Hao walikuwa na mboga na matunda ya mashambani, ambavyo mjini vilikuwa vimeadimika. Wa mjini walikuwa na mchele na bidhaa za dukani. Wakabadilishana. Kundi lililoongoza kazi hiyo liliitwa Wanawake kwa Ajili ya Amani.

Vita havikuisha siku ile. Lakini akina mama hao walikuwa wameligusa jambo ambalo serikali ilichukua miaka mingine mitatu kulielewa: bunduki haiondoki nyumbani kwa amri peke yake. Inaondoka pale aliyeishika anapoamini kwamba jirani yake naye ameiweka chini.

Ndugu kwa ndugu

Visiwa vya Solomon ni nchi ndogo katika Bahari ya Pasifiki, kaskazini mashariki mwa Australia. Wakati huo ilikuwa na watu wapatao 400,000 tu, waliotawanyika katika mamia ya visiwa.

Mji mkuu, Honiara, uko katika kisiwa cha Guadalcanal. Kwa miaka mingi watu wa kisiwa jirani cha Malaita walihamia huko kutafuta kazi, wakajenga na kuoa. Wenyeji wakalalamika kwamba ardhi yao inakwisha. Mwishoni mwa mwaka 1998, vijana wa Guadalcanal walianza kuwafukuza wageni vijijini, na watu zaidi ya 20,000 wakayakimbia makazi yao. Malaita nao wakaunda jeshi lao.

Nchi hiyo haikuwa na desturi ya kila nyumba kuwa na bunduki, hivyo watu walizitafuta. Wengine walitengeneza za kienyeji kwa vipande vya mabomba ya maji. Risasi walifukua ardhini, maana Guadalcanal ilikuwa uwanja wa mapigano makali kati ya Marekani na Japan mwaka 1942 na 1943, na mabaki ya vita hivyo yamejaa huko hadi leo.

Bunduki kali zilitoka kwa polisi wenyewe. Tarehe 5 Juni 2000, wapiganaji wa Malaita wakishirikiana na baadhi ya askari waliteka ghala la silaha la makao makuu ya polisi, Rove, mjini Honiara. Siku hiyohiyo walimshika Waziri Mkuu, Bartholomew Ulufa'alu. Silaha zilizonunuliwa kwa kodi ya wananchi zikaishia uvunguni mwa vitanda vya watu.

Visiwani humo kuna neno wantok, lenye maana ya watu wa lugha moja. Wantok wako ndiye anayekupokea ukifika mjini bila kazi, ndiye anayekulipia ada na kukuzika. Ni jambo jema, kama ulivyo ukoo kwetu. Lakini wakati wa vita likawa mtego. Kijana akiombwa kuwalinda watu wa kwao, kukataa kulionekana ni usaliti. Ndivyo bunduki ilivyoingia kwenye familia nyingi: kwa jina la kuwalinda ndugu.

Amani ya karatasi

Oktoba 2000, pande mbili zilitia saini mkataba wa amani katika mji wa Townsville, Australia. Wapiganaji walitakiwa kurudisha silaha, na ambaye angerudisha aliahidiwa kusamehewa.

Silaha zilirudi, ila nyingi zilikuwa zile za kienyeji. Zile kali za polisi zilibaki mikononi mwa watu. Kila upande ulikuwa na sababu ileile: tukitoa zetu, wao je? Isitoshe, kiongozi mmoja wa wapiganaji wa Guadalcanal, Harold Keke, alikataa kabisa kutia saini, akabaki na watu wake kwenye pwani ya kusini ya kisiwa hicho. Watu wa Malaita walimtaja yeye kila walipoulizwa kwa nini hawarudishi bunduki.

Kwa miaka mitatu iliyofuata, bunduki iliyokuwa ya kulinda familia ikageuka kuwa ya kujipatia riziki. Wenye silaha waliingia ofisi za serikali kudai fidia. Februari 2003, Sir Fred Soaki, kamishna wa zamani wa polisi aliyekuwa katika Baraza la Amani la Taifa, alipigwa risasi na kufa mjini Auki, Malaita.

Walikuwapo waliojaribu njia nyingine. Udugu wa Melanesia, shirika la watawa wa kiume wa Kanisa la Anglikana, walisimama kati ya pande mbili wakati wa mapigano bila silaha yoyote. Baadaye wakapita vijijini kuomba bunduki. Watu waliwapa wao walichowanyima polisi, kwa kuwa waliwaamini, na silaha nyingine zilipelekwa na kutoswa baharini.

Walilipa gharama kubwa. Mapema mwaka 2003 mmoja wao aliuawa na kundi la Keke. Wenzake sita waliomfuata Aprili mwaka huo ili kujua yaliyompata nao wakauawa. Familia zao zilisubiri habari hadi Agosti.

Siku 21 za kurudisha

Tarehe 24 Julai 2003, kwa ombi la serikali ya Solomon, kikosi cha nchi za Pasifiki kikiongozwa na Australia kilitua Honiara. Jina lake kwa kifupi ni RAMSI. Wananchi walipewa siku 21, hadi Agosti 21, kurudisha bunduki bila kushtakiwa kwa kuwa nazo. Baada ya hapo, atakayekutwa na silaha angekabiliwa na kifungo cha hadi miaka 10.

Adhabu ilikuwa kali, lakini jambo lililofungua milango lilitokea Agosti 13, pale Keke alipojisalimisha. Baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha. Ile sababu iliyotajwa kila siku upande wa Malaita ikawa imekufa. Viongozi wa kule nao wakaanza kukabidhi silaha zao, na nyingi zikaharibiwa hadharani, watu wakishuhudia.

Hadi mwisho wa mwaka 2003, silaha zipatazo 3,700 zilikuwa zimekusanywa. Vijijini, Baraza la Amani la Taifa liliendesha kampeni ya Vijiji Visivyo na Silaha. Wazee, akina mama na viongozi wa dini walikaa na kuulizana nani bado anaficha. Kijiji kikiridhika kwamba hakuna, kilijitangaza mbele ya vijiji jirani. Mamia ya vijiji vilifanya hivyo.

Polisi hawakuachwa. Mamia ya askari waliachishwa kazi, na jeshi zima la polisi likanyang'anywa bunduki. Serikali isingeweza kumwambia baba wa familia atoe silaha yake wakati askari aliyeshiriki kuiba ghala bado anatembea na ya kwake. RAMSI iliondoka Juni 2017, na mwaka huohuo vikosi vichache tu vya polisi ndivyo vilivyoruhusiwa kushika silaha tena, baada ya wananchi kuulizwa maoni yao.

Hasira zilibaki

Kuondoa bunduki hakukuwafanya watu wa Solomon kuwa malaika. Novemba 2021 ghasia zilizuka Honiara, maduka ya eneo la Chinatown yakachomwa, na miili mitatu ikakutwa ndani ya jengo lililoungua. Yalikuwa maafa. Lakini vijana wale walikuwa na mawe na viberiti, hawakuwa na bunduki za kivita. Ugomvi uliokuwa unafanana na ule wa mwaka 2000 ulizimwa kwa siku chache, badala ya miaka mitano.

Ndani ya nyumba nako kuna vita. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba asilimia 64 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mume au mwenza walikuwa wamepigwa au kudhulumiwa kingono na mwenza wao. Ni idadi ya kutisha. Mzazi yeyote anaweza kujiuliza ingekuwaje iwapo zile bunduki 3,700 zingebaki uvunguni mwa vitanda katika nyumba hizo. Mwanamke aliyepigwa ngumi anaweza kukimbilia kwa mama yake na kesho akaenda kushtaki. Risasi haimpi nafasi hiyo.

Funzo kwa familia

Mtu anayeweka silaha nyumbani mara nyingi husema anailinda familia. Mara nyingi anasema kweli, maana hofu yake ni ya kweli. Ndiyo maana kumtisha kwa sheria peke yake hakutoshi. Watu wa Solomon walihitaji mambo matatu kwa pamoja: sheria isiyobagua, polisi wa kuaminika, na jirani aliyetangulia au aliyekubali kutoa siku moja nao.

Na walihitaji mtu wa kuanza mazungumzo. Yule aliyejua bunduki iko wapi alikuwa mama, dada au mke. Ndiye aliyeiona ikiingia, ndiye aliyefagia chini ya kitanda. Mwaka 2000 akina mama wa Honiara hawakuwa na adhabu ya kumpa kijana wala fedha za kumnunua. Walikuwa na swali moja tu la mzazi kwa mwanawe: utarudi lini nyumbani? Iliwachukua vijana wengi miaka mitatu kulijibu, na wengine, wakiwamo watawa saba, hawakurudi kamwe.