Kiti cha Marylebone

Mtu apindaye kutoka barabara ya Edgware, mjini London, ambako harufu ya nyama ya kuchoma na sauti za Kiarabu humlaki mpita njia tangu asubuhi hata usiku, akaingia mtaa wa Church Street siku ya soko, hana budi kwenda mwendo wa pole, maana njia imebanwa huku na huku na meza za viazi, maembe, vitambaa vya mapazia na sufuria, na wauzaji hunadi bidhaa zao kwa namna ambayo mtu wa Kariakoo au wa Marikiti ya Mombasa asingeiona ngeni. Nilipopita hapo nilikuwa natafuta nyumba nambari 38, na nusura niipite, kwa sababu bamba nililolifuata limetundikwa juu ukutani, mbali na macho ya mtu anayechagua nyanya. Ni duara la rangi ya kijani, lililowekwa mwaka 2007, na jina lililo juu yake ni la Henry Sylvester Williams, wakili kutoka kisiwa cha Trinidad, ambaye mwezi Novemba 1906 alisimama mbele ya walipa kodi wa Marylebone akawaomba wamchague kuwa diwani wao, nao wakamchagua.

Wachache wanaolikumbuka jina hili hulikumbuka kwa jambo jingine, nalo ni mkutano wa siku tatu, tangu tarehe 23 hadi 25 Julai 1900, katika jumba la Westminster Town Hall, ambao Williams ndiye aliyeuwaza, akauandikia barua, akautafutia fedha, na kuwaleta pamoja watu wa asili ya Kiafrika kutoka Marekani, visiwa vya Karibi na Afrika yenyewe. Wazo la mkutano ule, la umoja wa Waafrika wote, lilisafiri mpaka Manchester mwaka 1945, alikokuwapo Jomo Kenyatta, na mpaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwezi Juni 1974, ulikokaa mkutano wa sita wa umoja huo. Fahari hiyo ni haki yake, wala sina nia ya kuipunguza hata chembe. Lakini mimi kwa muda mrefu nimevutwa zaidi na kile kiti kidogo cha Marylebone, ambacho waandishi wa tarikhi hukitaja kwa mstari mmoja kisha wakaendelea na safari yao. Kwani naona kwamba katika kiti kile, kuliko katika hotuba zote za Westminster, dola ya Kiingereza ilijitolea ushahidi dhidi ya nafsi yake.

Williams alikulia Arouca, kijiji cha Trinidad, na baba yake alikuwa fundi wa magurudumu. Alisomea ualimu, akafundisha ujanani mwake, na mwaka 1891 akavuka bahari kwenda New York, kisha Halifax ya Kanada, ambako alianza kusoma sheria katika chuo cha Dalhousie asimalize, na hatimaye London, ambako mwaka 1897 alijiandikisha Gray's Inn, kimoja katika vyama vinne vya kale vinavyowafunza mawakili wa Uingereza. Riziki yake siku zile ilitoka katika kuhutubia watu juu ya madhara ya ulevi, ukumbi baada ya ukumbi, kwa niaba ya jumuiya ya kanisa. Nami naamini kazi ile, ambayo wengine wangeiona duni, ndiyo iliyomfunza kusema na Mwingereza wa kawaida, mwenye kofia mkononi na mashaka moyoni. Mwaka ule ule wa 1897 aliunda chama kilichoitwa African Association, akichochewa na maneno ya mama mmoja kutoka Afrika Kusini, Alice Kinloch, aliyewaeleza watu wa London hali ya wafanyakazi Waafrika waliofungiwa katika kambi za machimbo ya almasi ya Kimberley. Mwaka 1898 alimwoa Agnes Powell, binti wa Kiingereza, na baba wa binti, ofisa wa jeshi, hakuridhia. Mwaka 1902 alipata idhini ya uwakili. Mwaka 1903 alikwenda Cape Town, akawa mtu mweusi wa kwanza kukubaliwa kuwa wakili wa mahakama kuu ya koloni la Cape, akaonja huko yale ambayo Bibi Kinloch aliyasimulia. Na mwaka 1905 alikuwa amekwisha kurudi London.

Msomaji aweza kuuliza iliwezekanaje mgeni kama huyu kugombea. Jawabu limo katika sheria ya dola yenyewe, maana zama zile Uingereza haikuwa na uraia wa nchi moja moja: kila azaliwaye katika milki ya Mfalme, akiwa amezaliwa Leeds, Lagos, Bombay au Port of Spain, alikuwa raia wa Mfalme, na raia wa Mfalme aliyekaa London, akawa na nyumba na kuilipia kodi ya mji, jina lake liliingia katika daftari la wapiga kura bila ya kuulizwa rangi wala asili. Kwa njia hiyo Dadabhai Naoroji, Mhindi wa Bombay, alikwisha kuingia Bungeni mwaka 1892 kwa kumzidi mpinzani wake wa Finsbury kura tano tu, na ni yeye huyo aliyetoa fedha zake kuusaidia mkutano wa 1900. (Mtu wa Unguja au wa Mombasa asingeweza kuupita mlango huo, kwa kuwa nchi zetu ziliitwa nchi za ulinzi, na watu wake, walio chini ya hifadhi ya Mfalme, hawakuhesabiwa kuwa raia wake.)

Mabaraza ya mitaa ya London yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1899, nayo yalikuwa 28, yakichaguliwa kila miaka mitatu. Kazi zake hazikuwa za kupigiwa ngoma: kutandika mawe barabarani, kuwasha taa, kuzoa taka, kusafisha mitaro, kujenga mabafu na nyumba za kufulia nguo kwa familia zisizokuwa na bomba ndani, kutuma wakaguzi katika vyumba ambamo watu walilala wengi kupita kiasi. Williams alisimama upande wa waliojiita wapenda maendeleo, katika mwaka uliokuwa mbaya kabisa kwa upande huo, maana walipa kodi walikuwa wamekasirishwa na kodi za mji, na katika London karibu yote wapinzani wao waliwafagia. Yeye alipita. Siku zile zile alipita pia John Archer katika baraza la Battersea, kusini ya mto Thames, mpiga picha mzaliwa wa Liverpool ambaye baba yake alitoka Barbados, na ambaye mwaka 1913 alifanywa meya. Ila Archer alikuwa mzalia. Williams alikuwa mtu wa kuja, mwenye lafudhi ya kisiwani kwao, na kila karatasi iliyotiwa alama kwa ajili yake ilitiwa kwa siri, na mtu aliyekuwa peke yake na dhamiri yake. Miongoni mwa waliopiga kura walikuwamo wanawake, wajane na wasioolewa walioshika nyumba kwa majina yao, ambao waliweza kumchagua Williams lakini wao wenyewe hawakuruhusiwa kukaa barazani pamoja naye mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1907.

Sasa na tuvuke bahari twende Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad, tuone mambo yalivyokuwa huko mwaka ule ule. Mji ule ulikuwa na baraza lake la kuchaguliwa, ambamo mawakili na wafanyabiashara weusi na machotara walikaa na kusema, hata serikali ya London ilipodai kuzitawala fedha zake, na madiwani walipokataa, baraza likafutwa. Tangu mwaka 1899 mji ukawekwa mikononi mwa watu walioteuliwa na gavana. Wala baraza la kutunga sheria la koloni halikuwa na mjumbe mmoja aliyechaguliwa, wala halikumpata mpaka mwaka 1925. Waziri wa Makoloni aliyelifuta lile la mji alikuwa Joseph Chamberlain, na ni jambo la kusikitisha kwamba mtu huyu, kabla ya kuwa waziri, alijipatia sifa yake yote kwa kazi ya udiwani: alikuwa meya wa Birmingham tangu 1873 hadi 1876, akayanunua kwa niaba ya mji makampuni ya gesi na ya maji, akabomoa vibanda vya maradhi, na kuwaonyesha Waingereza wote kwamba watu wa mji wakijitawala huweza kunywa maji safi. Aliyajua hayo kwa mikono yake. Hakuyaruhusu kwa watu wa Port of Spain.

Yaliyofuata yalikuwa juu ya maji. Mwezi Machi 1903 serikali ya Trinidad ilileta sheria mpya ya maji, na watu, ambao hawakuwa na diwani wa kumwendea wala kura ya kungojea, walikusanyika nje ya jumba la serikali liitwalo Red House. Mawe yakatupwa, jumba likachomwa moto, polisi wakapiga risasi, na watu 16 wakafa. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Bomba, mtaro, bei ya maji: mambo ambayo katika Marylebone yalijadiliwa mezani na madiwani wenye mafaili, mpaka mmoja akashinda kwa kura na mwingine akashindwa akaenda zake nyumbani, katika Port of Spain yalimalizwa kwa bunduki. Na miaka mitatu baadaye mwana wa kisiwa kile, raia wa Mfalme yule yule, alikaa katika baraza la London akiamua mambo ya mitaro ya Waingereza, hali katika mji mkuu wa kwao hapakuwa na kiti cha kugombea, kwake wala kwa tajiri wala kwa mwanachuoni yeyote wa huko. Waliosema kwamba mtu mweusi hajawa tayari kujitawala walipaswa kueleza alikuwaje tayari kuwatawala, kwa sehemu yake, watu wa Marylebone.

Sisi tunaosema Kiswahili twaweza kulipima jambo hili kwa neno letu wenyewe. Diwani, katika miji ya Mrima kama Bagamoyo, Saadani na Pangani, alikuwa mkubwa wa mji kwa ukoo na kwa ada. Mtu alipata cheo kwa kutoka katika nyumba zinazojulikana na kwa kuwalisha wenzake karamu zilizopasa, na mgeni, hata awe na mali ya namna gani, alikaa pembeni mpaka vizazi vimfunike. Hatukuwa peke yetu, maana ndivyo ilivyo desturi ya miji mingi ya duniani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, twasema. Lakini aghalabu jembe tulilompa lilikuwa la kulima, na shauri la shamba lilibaki kwa wenye mji. Watu wa Marylebone, ambao sidhani walikuwa wema kupita watu wa Bagamoyo, walikuwa na sheria iliyomtambua mtu kwa makazi na kodi yake, na sheria hiyo ilitosha.

Udiwani wa Williams haukuwa mrefu. Uwakili haukumlipa vema, watoto walikuwa wanazaliwa, na sehemu kubwa ya wakati wake ilikwenda kwa wajumbe waliokuja kutoka kusini ya Afrika kudai ardhi zao, ambao walikuwa na haki nyingi na fedha kidogo. Mwaka 1908, kabla ya kutimia ile miaka mitatu, alizuru Liberia, kisha akarudi Trinidad na jamaa yake. Wako watakaomlaumu kwa kukiacha kiti njiani, na mpiga kura aliyemwamini alikuwa na haki ya kunung'unika. Nami pia nasikitika, maana kazi ya udiwani ni kazi ya kukaa. Ila siwezi kumhukumu mtu aliyerudi kwao.

Mlango alioupita haukufungwa. Hata leo mwananchi wa Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda akaaye London kwa halali, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola, aweza kujiandikisha na kupiga kura ya baraza la mtaa bila ya kuwa na pasi ya Kiingereza, na akiwa na ruhusa ya kudumu ya kukaa nchini aweza pia kugombea. Nimewauliza baadhi ya watu wetu waliokaa huko miaka mingi, wanaolipa kodi na kulalamikia taka zisizozolewa, na wengi wao walikuwa hawalijui hili. Mmoja alidhani namfanyia mzaha. Baraza la Marylebone lenyewe liliunganishwa na Westminster mwaka 1965, na Church Street ni jina la kata moja ya baraza hilo.

Williams alifariki Port of Spain tarehe 26 Machi 1911, akiwa mtu wa makamo tu, akazikwa katika makaburi ya Lapeyrouse, ndani ya mji ambao ulikuwa bado ukiendeshwa na wateule wa serikali. Mwaka 1914 baraza la kuchaguliwa la Port of Spain lilirudishwa, na watu wa mji wakaenda kuwapigia kura madiwani wao.