Kondoo wa Kisiwa cha Hirta

Wafugaji wengi huhesabu kondoo zao kwa vichwa, wakafurahi waonapo zizi limejaa. Leo twapenda kuwaarifu wasomaji wetu habari za kondoo wasio na zizi wala mchungaji, ambao maisha yao yatufundisha kuwa wingi si unono.

Mbali katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya Scotland, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Hirta. Watu wake 36 waliosalia walihamishwa mwaka 1930, na mwaka 1932 kondoo 107 wa namna iitwayo Soay waliletwa hapo kutoka kisiwa cha jirani. Tangu hapo huishi kama wanyama wa mwitu: hawalishwi, wala hakuna mnyama mkali awawindaye. Tangu mwaka 1985 wataalamu huwakamata, huwapima uzito na kuwatia alama masikioni, hata yakajulikana maisha ya kila mmoja.

Yaliyoonekana ni haya. Jike mnono huweza kuzaa pacha, na mwanawe huzaliwa mzito. Jike aliyekonda huzaa mwana mwepesi, na wana wepesi ndio wafao kwanza. Mimba hushikwa Novemba, na wana huzaliwa Aprili. Basi mama huibeba katika miezi ya baridi, majani yakiwa haba, akiishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini wakati wa neema. Dume naye, akiwania majike, husahau kula, akaingia baridi hali amedhoofika. Kwa hiyo madume hufa wengi kuliko majike. Madume waliohasiwa kwa majaribio waliishi miaka mingi kupita wenzao.

Wakizidi mno, malisho hayatoshi, wote hukonda pamoja. Ikija baridi kali na tufani, huweza kufa zaidi ya nusu yao katika miezi michache. Waliosalia hupata majani tele, hunona, na kuzaa tena.

Sisi wenye kuchunga twaweza kufanya lile wasiloweza kondoo wa Hirta, yaani kupunguza kundi kabla njaa haijalipunguza. Tena, kabla ya kumwachia dume, na tumpapase jike mgongoni: mifupa ikichoma mkono, tumlishe kwanza. Kondoo kumi wanono huleta wana. Ishirini waliokonda huleta ngozi tu.